Mkono Unaojibeba

Mwalimu Sikudhani Shemhilu hakuwa mtu wa kuamini taa. Aliamini visigino, shingo na uzito wa mkono wa mtu aliyelala, kwa kuwa hivyo alikuwa amevishika kwa miaka thelathini na moja na havikuwahi kumdanganya. Taa za kwenye mito ya kulalia alizivumilia tu, kama mtu anavyomvumilia mkwe mwenye maneno mengi: zipo, zina haki zao, lakini nyumba si yao.

Asubuhi hiyo waendesha bembea sita walikuwa wamelala chali katika Ukumbi wa Mapumziko wa Mkunguni, juu kabisa Usambara, kila mmoja juu ya mto wake mrefu. Nyayo zao zilitazamana, magoti yameachia pembeni, na chini ya kila goti palikuwa na blanketi lililoviringishwa. Viwiko vilikaa juu ya matofali mepesi ya gome la mti. Mapajani, kifuko cha mchanga. Machoni, kifuko kidogo cha ulezi. Mwalimu alipita kati yao bila viatu, akivuta blanketi hapa na kusukuma tofali pale, akisema kwa ile sauti ya chini ambayo wanafunzi wake walidai ingeweza kumlaza hata jogoo alfajiri.

"Usijishikilie. Mto upo, sakafu ipo, mlima wenyewe upo. Waachie kazi yao. Wewe huna unachobeba."

Nje ya dirisha, ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni na kuzifunika kamba za chuma. Tangu maporomoko yaifute barabara ya magari, watu wa Mkunguni walivuka bonde kwa bembea, chumba cha abiria arobaini kinachoning'inia angani. Bembea haikuwa na usukani. Mwendeshaji alivaa mkanda wa kusikia kifuani na kiunoni, akaketi mbele, na chumba kikafuata mwili wake. Upepo ukija, mwili uliotulia hujua wenyewe uegemee wapi, tena upesi kuliko hesabu ya mashine yoyote. Ila chombo kinachofuata utulivu hufuata na wasiwasi. Mwendeshaji akikaza bega, chumba nacho hukaza. Akishtuka, watu arobaini hushtuka naye juu ya shimo lisiloonekana mwisho. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja tu, na haikuwa na mjadala: hakuna anayevaa mkanda kabla taa ya mto haijageuka kijani na mwalimu hajabonyeza kidole gumba kwenye daftari la kioo.

Taa ya kwanza iligeuka. Ikafuata ya pili, ya tatu, hadi ya tano. Waliopata kijani walijigeuza ubavu wa kulia kama walivyofundishwa, wakakaa kidogo, wakakunja kanga zao walizotandika juu ya mito, wakapata muhuri, maana siku hizi mwalimu aliinua mkono wa yule tu aliyemtia shaka, wakatoka kwenda kituoni. Ilikuwa saa mbili na robo. Bembea zote sita zilitakiwa kuondoka saa tatu kamili.

Akabaki Mbaruku Hoza, kijana wa miaka thelathini na nne, mpole, mwenye mabega mapana. Taa yake nayo ilikuwa kijani. Mwalimu Sikudhani alipiga goti kando yake, akaingiza kiganja chini ya kifundo cha mkono wake, akauinua.

Mkono ukaja. Ulikuja mwepesi, kwa adabu zote, kama mtu anayempokea mzee mzigo mlangoni. Mwalimu akaondoa kiganja chake taratibu. Mkono wa Mbaruku ukabaki pale pale ulipoachwa.

"Mbaruku."

"Naam, mwalimu."

"Mkono wako uko wapi?"

Mbaruku alisita, kifuko cha ulezi bado kiko machoni. "Uko chini, mwalimu. Kwenye tofali."

"Uko hewani, mwanangu."

Kijana aliondoa kifuko, akautazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine, akaushusha kwa haya. "Taa inasemaje?"

"Taa inasema kijani."

"Basi naomba muhuri wangu, mwalimu. Nina safari."

"Najua una safari. Ndiyo maana sikupi."

Mbaruku alikaa kitako. Mwalimu aliujua msiba wake. Nani Mkunguni hakuujua? Ndugu yake Singano, pacha wake, alioa ng'ambo ya bonde, Kwemashina, akaishi huko, akaugua huko, akafia huko. Leo ilikuwa arobaini yake. Abiria wote wa bembea ya sita walikuwa watu wa ukoo waliokuwa wanakwenda kwenye hitma, na mbele yao mama mzazi, Bi Mkunde.

"Siku ya maziko nilivushwa kama gunia," Mbaruku alisema. "Mwenzangu ndiye aliyeendesha. Mama alinishika mkono njia nzima, na mimi sikuwa na la kumfanyia. Leo nataka nimvushe mimi. Hilo tu, mwalimu. Taa imekubali. Wewe unakataa kwa lipi?"

Swali lilikuwa la haki. Mwalimu Sikudhani alikuwa na uhakika tu, na uhakika wake ulikuwa kiganjani.

*

Injinia Tumsifu Mbwambo, msimamizi wa kituo, aliingia akihema, buti mkononi kwa kuheshimu sakafu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kuniuliza muhuri wa sita."

"Nimekuja kuuomba. Abiria wamekwisha panga mstari. Daftari linaonyesha kijani tangu dakika kumi na tano zilizopita. Kuna nini?"

"Huyu hajapumzika. Mkono wake unajibeba."

Mbwambo alikuwa mtu mwema na alijua kazi yake. Kosa lake lilikuwa moja, kwamba alidhani mtu mwema hapaswi kuchelewa. Alimtazama Mbaruku, akamtazama mwalimu, akatabasamu kwa subira. "Mwalimu, kwa heshima yako. Huyu ni kijana aliyelelewa. Mtu mzima wa umri wa mama yake anamwinulia mkono, unataka auache uning'inie kama ndizi? Hiyo ni adabu tu. Mwili umefundishwa adabu kabla haujafundishwa yoga."

Hoja ilikuwa nzuri. Mwalimu Sikudhani alipenda hoja nzuri hata zilipomkabili yeye, na hii aliigeuza kichwani mara mbili. "Adabu huisha usingizini," alisema hatimaye. "Nimewainulia mikono mashehe na wachungaji. Wakilala, wananiachia kilo zote."

"Mto una nyuzi elfu tatu za kusikia. Wewe una vidole vitano."

"Kumi," mwalimu alisema. "Na havijawahi kwenda kwa fundi."

Hata hivyo alikuwa amekwisha anza kufikiri. Mto haukuwa mjinga. Ulipoletwa mara ya kwanza aliujaribu kwa wiki nzima, na mara zote ulikubaliana na mkono wake. Basi kama leo haukubaliani, kimoja kati ya viwili kimebadilika. Aliutazama mto wa Mbaruku. Juu yake palikuwa na kanga ya Mbaruku, ya bluu yenye maembe, imekunjwa vizuri sana. Akaishika ukingoni na kuihesabu mikunjo kwa kidole gumba. Minane.

Akaiachia ghafla.

Kanga zilikuwa wazo lake. Miaka mitatu iliyopita watu waligoma kuweka mashavu mahali ambapo jana mwingine aliweka visigino, na walikuwa na haki. Hata uoshe mto kwa sabuni ya namna gani, shavu halisahau. Akasema kila mtu aje na kanga yake kutoka nyumbani. Siku za kwanza walitandika upande mmoja tu. Kisha baridi ya Julai ikaja, wakakunja mara mbili. Kisha mmoja akagundua kwamba ukikunja zaidi taa inageuka mapema, mwenzake akaiga, na kituo kizima kikaanza kusema kanga za Mwalimu Sikudhani zina baraka. Na yeye, mama wa watu, alicheka na kuiacha baraka ipite. Ukutani nyuma yake palitundikwa cheti chenye fremu: ukumbi wa kwanza wilayani, miaka mitatu mfululizo bila mwendeshaji hata mmoja kukosa kijani.

Miezi ya karibuni bembea zilikuwa zinatikisika. Abiria walitapika. Watu waliulaumu upepo, na upepo hauna wakili.

"Bwana Mbwambo," alisema. "Lala hapa."

"Mimi?"

"Wewe. Dakika chache tu."

"Mwalimu, ni saa mbili na nusu!"

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Sijaona mtu mwenye haraka kama wewe leo."

Mbwambo alilala, kwa kuwa alikuwa amelelewa pia. Mwalimu aliiondoa kanga, akamlaza juu ya mto mtupu, akampangia magoti na viwiko kama mgeni wa heshima. Mshipa wa shingoni ulikuwa unamcheza wazi. Taa ikawa nyekundu papo hapo, na haikuona haya.

"Sawasawa," mwalimu alisema. "Inuka kidogo." Akaitandika ile kanga na mikunjo yake minane, akamrudisha.

"Hii ni kupotezeana muda," Mbwambo alianza, na sauti ikazidi kupanda. "Nina bembea sita, nina abiria zaidi ya mia mbili, nina ukungu, nina wilaya inayonipigia simu kila robo saa, na wewe unanilaza hapa kama mzazi! Nitasema nini mimi? Nitasema nini?"

Taa ikageuka kijani.

Mbaruku ndiye aliyeiona kwanza. Alinyoosha kidole. Mbwambo aligeuza shingo, akaitazama taa yake ya utulivu mkamilifu, na rangi ikamtoka usoni.

"Mto unasikiliza mtetemo wa misuli," alisema polepole, bado amelala, kama mwanafunzi anayejijibu mwenyewe. "Nyuzi ziko chini ya ngozi yake ya juu. Kiwandani waliupima kwa watu waliovaa nguo nyembamba za mazoezi. Pamba ikikunjwa mara nane inaumeza mtetemo. Mto hausikii kitu. Na usiposikia kitu..."

"Unasema huo ndio utulivu."

"Ndiyo."

"Aliyeutengeneza hajawahi kuishi na mtu aliyenuna," Mwalimu Sikudhani alisema.

Mbwambo aliinuka. Mbaruku aliichukua kanga yake, akaikunjua taratibu mpaka ikawa nguo tu.

*

Mbwambo alimvuta mwalimu hadi karibu na kabati la mablanketi, akashusha sauti.

"Nisikilize, mama yangu. Mbaruku mzuie. Ana msiba, hakuna atakayeuliza. Bembea ya sita nitasema ina hitilafu. Kesho naandika waraka: kanga moja, bila kukunjwa, kwa sababu za usafi. Mambo yanajirekebisha. Ukumbi unabaki, jina lako linabaki, watu hawapati hofu."

"Na wale watano?"

"Wana uzoefu. Wamevuka hivyo hivyo kwa miezi."

"Wamevuka wakitetemeka, sisi tukiutukana upepo."

"Lakini wamevuka." Mbwambo alijipangusa uso. "Ukifuta mihuri mitano kwa mpigo, wilaya itakuja. Watauliza nani aliyeleta kanga. Watafungua daftari la miaka mitatu, mwalimu, kila ukurasa una kidole chako. Hawataufunga mto. Watakufunga wewe na ukumbi wako."

Tusimsingizie ushujaa. Mwalimu Sikudhani alitaka kukubali. Aliutazama ukumbi wake, matofali yaliyopangwa kwa ukubwa, mablanketi yaliyokunjwa ncha kwa ncha, harufu ya ulezi na nta ya sakafu, na akajiona akiwa mwanamke wa miaka hamsini na nane anayekaa barazani kwake mchana kutwa bila mgongo wa mtu wa kunyoosha. Aliogopa, tena sana. Kesho si mbali, alijiambia. Kumzuia mtu mmoja asubuhi moja, kisha kimya.

Kisha akalisikia neno lake mwenyewe kichwani, lile la kimya, akajua kwamba alikuwa karibu kuwa kama mto unaouita ukimya utulivu.

"Bwana Mbwambo, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kama ana cheti ukutani au hana." Alinyoosha mkono. "Nipe daftari."

Aliweka kidole gumba kwenye jina la kwanza, akasubiri alama ifutike, akaenda la pili. Alifanya hivyo mara tano, bila haraka, kwa ustadi ule ule aliowekea mihuri. Nje honi ya kituo ililia mara moja, ndefu, na zile bembea tano zikajifunga kwenye vituo vyao kwa mlio wa vyuma. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi na mbili.

Mbwambo alifumba macho. Alipoyafumbua, alivaa buti zake. "Nitaandika kwamba msimamizi wa kituo alilala juu ya kanga akaona mwenyewe," alisema. "Mtu mmoja asibebe hili."

*

Mwalimu aliwaendea abiria kwa miguu yake, kanga ya Mbaruku mkononi, peku vile vile juu ya saruji baridi. Aliwaeleza yote kwa maneno ambayo kila mtu angeyaelewa: kwamba mito imedanganywa, kwamba aliyeanzisha kanga ni yeye, kwamba hakuna bembea itakayoondoka mpaka kila mwendeshaji alazwe upya juu ya mto mtupu. Wengine walitukana. Mzee mmoja aliapa kumshitaki. Mama mmoja wa sokoni, aliyetapika mara tatu mwezi uliopita na kuambiwa ni mimba, alijipiga kofi la paja. "Kumbe! Kikulacho ki nguoni mwako!"

"Ndicho hicho, mwenzangu," mwalimu alisema. "Na nguo niliwavika mimi."

Kutoka kwenye mstari wa sita akatoka Bi Mkunde, mama wa Mbaruku, mfupi, mweusi tititi ndani ya kaniki yake ya msiba. Watu walimpisha. Mwalimu Sikudhani alijiandaa kwa lolote, maana mwenye arobaini ya mwanawe ana haki ya kusema lolote.

"Njia ya zamani ya miguu bado ipo?" Bi Mkunde aliuliza.

"Ipo, mama. Inashuka na kupanda. Mtafika alasiri."

"Basi tutafika alasiri. Aliyekufa hana haraka." Alitazama mlango wa ukumbi. "Huyu wangu aliye hai ndiye nimtazame. Yuko wapi?"

Mbaruku alikuwa ameketi ameegemea ukuta, magoti kifuani, uso mgumu. Mama yake alipoingia hakuinuka.

"Nilitaka nikuvushe," alisema.

"Nimesikia." Bi Mkunde aliketi sakafuni kando ya mto na kunyoosha miguu yake. "Tutakwenda kwa miguu, nitakuegemea. Lakini kwanza lala. Ukoo mzima unakungoja nje, na wamebeba vitumbua; hawatakufa."

Mwalimu alimpangia upya. Blanketi chini ya magoti, matofali chini ya viwiko, kifuko cha mchanga mapajani, kizito kidogo kuliko cha kawaida. Kanga haikutumika, kisogo cha Mbaruku kilikaa juu ya mto wenyewe. Taa ikawaka nyekundu, ikabaki nyekundu.

"Sitaweza, mwalimu," Mbaruku alisema chini ya kifuko cha ulezi.

"Utaweza. Usijishikilie."

"Nikijiachia nitalia."

"Basi lia. Mto upo, sakafu ipo, mama yako yupo. Kazi ya kubeba ni yao."

Alilia. Hakulia kwa kishindo. Alilia kama mtu anayetua mizigo mmoja mmoja, akiukuta chini yake mwingine. Mwalimu Sikudhani hakumgusa wala hakusema neno. Huo nao ni ufundi, na alikuwa nao. Kilio kilishuka kikawa pumzi, pumzi ikawa ndefu, kisha midomo ya Mbaruku ikaachana kidogo kama ya mtoto mchanga aliyeshiba.

Mbwambo alichungulia mlangoni, akafungua mdomo kuuliza rangi ya taa. Mwalimu alikuwa ameipa mgongo. Alimwashiria Bi Mkunde kwa kichwa: mwinulie.

Bi Mkunde aliingiza kiganja chini ya kifundo cha mwanawe, akavuta. Mkono haukuja. Aliongeza kiganja cha pili, akasogea karibu, akauinua kwa nguvu zake zote, na kidole cha Mbaruku hakikumsaidia hata kidogo.

"Mzito," alisema kwa sauti ndogo. "Mzito kama walivyokuwa wakinisinzilia mgongoni, wote wawili."

Akaupakata mkono ule mapajani mwake, na hakuuweka chini mpaka mwanawe alipoamka.